Mama ana kisukari na moyo umetanuka: mishipa yake ya damu itunzwe vipi?

Binti_Temeke

Habari za jioni, ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 63 na ameishi na kisukari kwa muda mrefu. Mwaka huu kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kilionyesha kwamba moyo wake umetanuka na nguvu yake ya kusukuma damu imepungua. Daktari amemwongezea dapagliflozini, ambayo duka la dawa lilitueleza kuwa ni dawa ya sukari, ilhali sukari yake imeshatulia. Uvimbe wa miguu uliisha alipoanza dawa ya kukojosha, lakini akitembea hadi kituo cha daladala mashavu ya miguu humbana mpaka asimame, kisha maumivu huisha. Je, dawa hiyo ni ya lazima, na maumivu hayo yanatokana na moyo au mishipa?

Tabibu_Upanga

Pole kwa kuuguza, dada. Dapagliflozini huifanya figo iache sukari na kiasi cha chumvi vitoke kwa mkojo, na ni kweli ilianza kama dawa ya kisukari. Hata hivyo, utafiti wa DAPA-HF uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha wagonjwa 4,744 wenye moyo dhaifu, ulionyesha kwamba miligramu 10 kwa siku zilipunguza kwa asilimia 26 hatari ya ugonjwa wa moyo kuzidi au ya kifo kitokanacho na moyo na mishipa, na hata wasio na kisukari walinufaika. Kutulia kwa sukari, basi, si sababu ya kuiacha.

Kuhusu mishipa, upande wake wa ndani una utando mwembamba wa seli unaotoa gesi ya nitriki oksidi, ambayo huufanya mshipa ulegee na kupanuka pale damu nyingi inapohitajika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, utando huo hudhoofika, gesi huharibiwa kabla haijafanya kazi, na sukari hunata kwenye protini za ukuta hadi mshipa unakakamaa. Moyo ulioshindwa nao huongeza madhara yake, kwani mwili ukihisi damu haitoshi humwaga homoni za kubana mishipa ili presha isishuke, na hivyo moyo uliokwisha kuchoka hulazimika kusukuma damu dhidi ya mishipa iliyobana. Ndiyo maana wagonjwa hawa hupewa dawa kama enalaprili, ambayo huzuia sehemu ya homoni hizo. Kipimo cha sukari peke yake, hata kiwe kizuri namna gani, hakiwezi kukuonyesha hali hiyo.

Maumivu uliyoyaeleza yananitia shaka kuliko ule uvimbe, kwa kuwa yanafanana na dalili za ateri za miguu (mishipa inayopeleka damu miguuni) zilizoziba. Mwombeni daktari apapase mapigo ya miguu na kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Uwiano ulio chini ya 0.9 huashiria kuziba. Kwa mwenye kisukari cha siku nyingi, ateri huweza kuwa ngumu kwa chokaa hata uwiano ukavuka 1.4, na hapo hupimwa presha ya kidole gumba cha mguu. Ulizeni pia kama anatumia atovastatini, dawa ya kupunguza kolesteroli.

Mfamasia_Magomeni

Nakubaliana na Tabibu, ila naongeza tahadhari ambayo mara nyingi husahaulika. Maumivu ya namna hiyo huweza kutibiwa kwa silostazoli, lakini dawa hiyo hairuhusiwi kabisa kwa mwenye moyo ulioshindwa, kwa hiyo mtajieni ugonjwa wa moyo kila mtu anayemwandikia dawa. Pioglitazoni, dawa nyingine ya kisukari, nayo huhifadhi maji mwilini, na diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo huku mitaani hununuliwa kama pipi, hufanya vivyo hivyo na kuumiza figo juu yake.

Akitapika au kushindwa kula, awasiliane na kliniki kuhusu kusimamisha dapagliflozini kwa muda, maana asidi huweza kujaa kwenye damu hata sukari ikiwa haijapanda sana. Kama hufunga Ramadhani, suala hilo lizungumzwe na daktari mapema, si siku ya kwanza ya mfungo.

Binti_Temeke

Nawashukuru sana. Je, aendelee kutembea, au apumzike hadi apimwe?

Tabibu_Upanga

Kama hana kidonda mguuni, haumwi akiwa amepumzika na haishiwi pumzi kwa hatua chache, atembee taratibu, asimame maumivu yakizidi, kisha aendelee. Damu inayopita kwa kasi huuchochea ule utando utoe nitriki oksidi zaidi, jambo ambalo kulala kitandani hakuwezi kulifanya. Avae viatu vilivyofunika vidole, na miguu ikaguliwe kila jioni, nyayo zikiwemo. Mguu ukianza kuuma usiku akiwa amelala, au kidole kikibadilika rangi, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.