Fundi kaniwekea chujio la koni "kuongeza nguvu", gari sasa inakufa mlimani

Wakuu, nimepigwa mchana kweupe. Toyota IST yangu ya injini ya 1NZ, cc 1497, haikuwa na tatizo lolote. Nilitaka tu ichomoke vizuri kwenye RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) za chini, maana kila mwezi napanda Kitonga kwenda Iringa na familia na mizigo. Fundi wa gereji moja hapa Dar akaniambia, "Bosi, gari inabanwa pumzi hii." Akang'oa hausi yote ya eakilina, yaani boksi la chujio la hewa, na mpira wake mrefu, akafunga kibomba kifupi na koni nyekundu. Laki mbili na themanini.

Ukikanyaga inanguruma kama ya mashindano. Kunguruma tu! Kitonga nimepandia gia ya L, ile ya chini kabisa, malori yananipumulia kisogoni, mke wangu kanyamaza vile anavyonyamazaga akijua nimeliwa.

Koni yenyewe imekaa katikati ya joto la injini, inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, nguvu inapungua. Ule mdomo wa kiwandani ulikuwa unavuta ya nje, kule mbele. Halafu njia ya hewa ikiwa fupi na pana hufaidisha RPM za juu, na mimi na IST yangu huko 5,000 tunaendaga lini? Toyota wenyewe miaka ya 1980 kwenye injini ya 4A-GE waliweka vali za kufunga nusu ya njia za hewa injini ikizunguka polepole, ili nguvu ya chini isipotee. Wao wanabana makusudi, fundi wangu anaita ugonjwa!

Bado sensa ya kupima hewa inayoingia kwenye injini. Ilikuwa kwenye hausi, vipimo vyake ni vya upana ule. Kaichomeka kwenye bomba la upana mwingine, inaidanganya kompyuta. Taa ya injini imewaka, mashine ya kupima imesoma kodi P0171, yaani hewa nyingi mafuta kidogo. Nikapitisha kidole ndani ya bomba, upande ambao hewa imeshachujwa. Vumbi!

Kilichoniua kabisa: nimerudi kudai hausi yangu, naambiwa "tuliitupa bosi". Nani anatupa hausi nzima ya IST mji huu? Kijana wa pale pale kanidokeza iliuzwa wiki ile ile.

Mwenye hausi ya 1NZ na mpira wake anicheki. Koni siuzi, sitaki laana za watu.