Mtoto wa Kimaya asaidiwe masomo kwa lugha gani baada ya shule?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu nirudi kutoka Guatemala. Nalileta hapa kwa sababu sisi wenyewe suala la lugha ya kufundishia tumelibishania miaka na miaka.

Kwa asiyeijua nchi ile: katika sensa ya 2018, zaidi ya watu 4 kati ya 10 walijitambulisha kuwa Wamaya. Lugha zao ni 22, na ni lugha kamili, si lahaja. Msemaji wa Kiq'eqchi' na msemaji wa Kimam hawaelewani. Lakini mahakamani, hospitalini na kwenye daftari la shule ni Kihispania. Shule nyingi za msingi za serikali zinafungwa saa sita na nusu mchana, na hapo ndipo vinapoingia vituo vya masomo ya mchana, vya makanisa na mashirika, ambako watoto wa familia maskini wanapewa chakula na kusaidiwa kazi za shule. Vile nilivyovitembelea vilitumia Kihispania tu. Wafadhili wanataka hivyo, na wazazi wengi pia. Mimi napinga.

Nilijitolea miezi mitatu katika kituo kimoja milimani Totonicapán, kwa Wak'iche', mojawapo ya makabila ya Kimaya. Siku moja binti wa kama miaka tisa alikuwa na hesabu za kujumlisha, ya kwanza 27 na 15. Msaidizi akamwelekeza kwa Kihispania: saba na tano ni kumi na mbili, andika mbili, "llevamos una", yaani tunabeba moja. Akaandika mbili, akaishia hapo. Ukurasa mzima ulikosewa mahali palepale. Neno "llevar" alilijua vizuri, maana ndilo analofanya na kuni kila siku. Ila kwenye ile karatasi hakuona mzigo.

Dada anayepika pale akatoka jikoni na punje za mahindi kiganjani. Akazimwaga mezani, akahesabu naye kwa Kik'iche': jun, keb', oxib'... Zilipofika kumi akazikusanya fungu moja, akalisukuma upande wa makumi. Haikuzidi dakika tano. Binti akachukua kifutio, akafuta ukurasa wote, akaanza upya.

Halafu fikirini: ishirini kwa Kik'iche' ni juwinaq, yaani mtu mmoja, vidole vyake vyote vya mikono na miguu. Arobaini ni kawinaq, watu wawili. Mababu zao waliandika sifuri kwa umbo la kombe la baharini. Mtoto anaingia darasani na hesabu nzima kichwani, hakuna anayemuuliza anajua nini.

Mkataba wa amani wa Desemba 1996 ulimaliza vita vya miaka 36 ambavyo wengi wa waliouawa walikuwa Wamaya. Haki ya kusoma kwa lugha zao ilikuwa sehemu ya makubaliano yale, na mwaka 2003 ikatungwa sheria ya lugha za taifa. Kituo kinachoiacha lugha ya mtoto mlangoni kinairudisha nyuma ahadi hiyo, hata kama kinampa chakula kizuri.

Mama wa Morogoro

Mwanangu, umeeleza vizuri, lakini umemsahau mzazi. Mama wa Kimaya aliyekwenda hospitali akarudi bila kuelewa aliloambiwa na daktari hataki yamkute na mwanawe. Kik'iche' mtoto anakipata nyumbani bure, jikoni na sokoni. Saa mbili za mchana ndizo pekee za kumpa asichokuwa nacho. Mkizitumia kumfundisha anachokijua, watoto wa mjini watazidi kumwacha. Nimefundisha miaka thelathini, nimewaona waliokwama sekondari kwa sababu ya Kiingereza. Inauma.

Msomaji wa Kakamega

Mimi nilivalishwa ile diski shingoni kwa kusema Kiluhya shuleni, kwa hiyo niko upande wa mwanzisha mada. Ila kuna jambo nyote mmelipita. Mtoto mwenye shida zaidi hafiki hapo kituoni. Yuko nyumbani akibeba mdogo wake mgongoni huku mama anafuma. Mavuno ya kahawa yakianza, familia inashuka mashambani upande wa Pasifiki, na Januari shule ikifunguliwa wengine bado hawajarudi. Karibu nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini humo wamedumaa. Lugha ni muhimu, lakini sufuria na sehemu ya kumlaza yule mdogo vitangulie.

Mchangiaji mwingine

Swali langu ni moja tu: kwa nini kazi ya serikali ifanywe na wafadhili? Wakiondoka je?

Mwanzisha mada

Ndugu wa Kakamega, hilo la mdogo mgongoni nalikubali lote. Pale kwetu walimruhusu binti mmoja kuja na mdogo wake, na hakukosa siku hata moja. Kuhusu serikali, ni kweli inapaswa kubanwa, lakini binti wa darasa la tatu hawezi kusubiri.

Mama, shikamoo. Sijasema Kihispania kiachwe. Kifundishwe kwa saa yake, kama lugha ya pili, kwa nyimbo na mazungumzo, kwa mtu anayejua kwamba mtoto huyu hakuzaliwa nacho. Kazi ya hesabu au sayansi ielezwe kwanza kwa Kik'iche', kisha mtoto apewe maneno ya Kihispania ya kile alichokwisha kukielewa. Yule binti alipopata maana ya kubeba moja, "llevamos una" aliisema mwenyewe kesho yake, kwa sauti, akimfundisha mwenzake.

Kinachonisumbua ni orodha ya wafanyakazi. Msaidizi, kijana mwenye moyo lakini asiyejua Kik'iche', ameandikwa mwalimu. Dada wa punje za mahindi ameandikwa mpishi, hana cheti, na mshahara wake ni mdogo kuliko wote. Wewe uliyefundisha miaka thelathini, ungekuwa mkuu wa kituo kile, ungemwandika wapi?