Vinundu kwenye ugoko wa mtoto

Mama Rehema: Jamani, mwanangu ana miaka 4. Juzi nampaka mafuta nikagusa vinundu vitatu kwenye ugoko, vigumu kama kokwa za ukwaju, ngozi ya juu iko vilevile. Haviumi, anaruka kamba kama kawaida. Bibi yake anasema ni mtoki, anataka kuvikanda. Kipande cha kinundu kilichopimwa maabara kimeonyesha granuloma anulare ya chini ya ngozi. Ndiyo saratani hiyo?

Baba Juma: Pole dada. Si saratani, ni vinundu vya uvimbe tu chini ya ngozi, na haiambukizi. Wangu vilimtoka kichwani. Kimoja tukakikata, miezi mitano baadaye kikarudi palepale, sasa na kovu juu. Hela ile iliniuma! Viwili tulivyoviacha viliisha vyenyewe mwaka wa pili.

Nesi wa Zamu: Mtoki hutokea kinenani na kwapani, si kwenye ugoko. Msivikande. Kikikua haraka, kikianza kuuma, au mtoto akipungua uzito, mrudishe kliniki ya ngozi.

Mama Rehema: Asanteni sana. Bibi alikuwa keshachemsha maji, tumeyapikia chai.