Tuko saba, kila mtu na movie yake na wimbo wake: tupangeje usiku wa Ijumaa?

Kitanda cha Juu
Wakuu, habari za jioni. Tuko saba, mwaka wa pili, hosteli moja. Tumekubaliana kila Ijumaa saa 2 usiku hadi saa 5 kila mtu alete alichokigundua wiki hiyo, iwe wimbo au movie, tusikie na tuone pamoja. Vifaa: tivi ya inchi 32 ya zamani kidogo (ina HDMI na tundu la USB), laptopu mbili, spika ndogo ya Bluetooth, sabufa ya kuazima.

Shida ziko hivi. Flashi hiyohiyo, movie moja inafunguka, ya pili inagoma, ya tatu inatoa picha bila sauti. Maandishi ya chini yanawahi midomo ya waigizaji. Kwenye muziki, mtu akiweka wimbo wake, dakika ya pili mwenzake ameshaukata. Grupu la WhatsApp limejaa linki na hakuna anayefungua, maana bando zetu ni za kuungaunga. Naomba ushauri wa vitendo, isiwe "nunueni tivi mpya".

Fundi Waya
Mkuu, tivi yako nzima kabisa. Faili la movie ni vitu vitatu ndani ya kimoja: kasha (MP4 au MKV), picha iliyobanwa (H.264 au H.265), na sauti iliyobanwa kwa njia yake (AAC, AC3, DTS). Tivi za zamani zinaielewa H.264. Ukiipa H.265, ambayo kwenye jina la faili huandikwa x265 au HEVC, unasikia sauti gizani au inakataa kabisa. Picha bila sauti, mshuku DTS kwanza. Kwa hiyo ukienda kwa jamaa wa kuweka movie, soma jina la faili kabla hajakopi: x264 na AAC, chukua. x265 na DTS, muulize kama ana nakala nyingine.

Halafu kuna ukubwa. Flashi ya FAT32 (mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili) haipokei faili moja la kufika GB 4, hata kama ni flashi ya GB 64 na iko tupu. Watu wanadhani imekufa. Ukiifomati kwa exFAT kikomo kinaondoka, ila tivi nyingi za umri huo hazisomi exFAT, umeruka mkojo ukakanyaga mavi. Na kumbuka kufomati kunafuta kila kitu kilichomo, pamoja na asaimenti zako.

Njia fupi: achaneni na tundu la USB. Laptopu, waya wa HDMI, programu ya VLC, basi. VLC inafungua karibu kila kitu. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua ionyeshe skrini zote mbili. Sauti ikibaki kwenye laptopu, bofya alama ya spika chini kulia uchague tivi.

Mkilazimika kutumia USB, geuza faili kwa programu ya HandBrake, mpangilio wa Fast 720p30. Kwa inchi 32 hamtaona upungufu wa maana, na faili linapungua sana. Ila anza mchana. Laptopu ya kawaida inaweza kula saa nzima au zaidi kwa movie moja, na mtu anayeanza kugeuza saa 2 kasorobo anawalaza wenzake njaa.

Dada Herufi
Maandishi ya chini yana magonjwa mawili, dawa zake mbalimbali.

Kama yanawahi kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, VLC inatosha: H inayachelewesha, G inayawahisha. Kila ukibonyeza ni milisekunde 50, kwa hiyo sekunde 2 ni mara 40. Hesabu kwa mdomo, usikisie.

Kama mwanzoni yako sawa halafu yanazidi kuachana kadiri movie inavyokwenda, G na H ni kujichosha. Hapo faili la maandishi lilitengenezwa kwa nakala ya fremu (picha) 25 kwa sekunde, nanyi mna ya 23.976. Tofauti ni kama asilimia 4, inaonekana ndogo, lakini kwenye movie ya saa 2 mwishoni mnaachana karibu dakika 5: mtu ameshazikwa kwenye maandishi, kwenye picha bado anakula. Yenu yanawahi, kwa hiyo chunguza hili kwanza. Tafuta srt (faili la maandishi ya chini) ya toleo lilelile la movie (BluRay, yaani la diski, kwa BluRay; WEB, la mtandaoni, kwa WEB), au ifungue kwa programu ya Subtitle Edit, nenda kwenye kubadili kasi ya fremu, toka 25 kwenda 23.976, hifadhi.

Mengine madogo: movie na srt viwe folda moja na jina moja herufi kwa herufi. Ukiona alama za ajabu mahali pa é na ç kwenye filamu za Senegal au Kongo, ifungue srt kwa Notepad, uihifadhi upya kwa UTF-8.

Kipaza
Spika ya Bluetooth iacheni kwenye movie. Sauti inachelewa njiani na midomo inaachwa. Waya wa AUX wa milimita 3.5 unamaliza kesi. Kama waya hakuna, J kwenye VLC inaivuta sauti mbele milisekunde 50 kila ukibonyeza.

Kitanda cha Juu
Asanteni sana. Nimefungua ile srt, kweli inaachana kidogokidogo. Sabufa je? Iko kwenye kona na jirani anagonga ukuta kabla wimbo haujaisha.

Kipaza
Kona ndiyo inayokugombanisha na jirani. Kuta mbili na sakafu zinaiongezea besi nguvu, unasikia mngurumo usio na umbo. Itoe kama mita moja kutoka kila ukuta, iweke juu ya godoro au nguo zilizokunjwa, punguza kitufe cha besi. Vispika vidogo viinue hadi usawa wa masikio ya aliyekaa. Chumba cha zege kina mwangwi, tundikeni blanketi zito kwenye ukuta unaotazamana na spika. Maneno ya waigizaji yatasikika bila kupandisha sauti.

Mzee wa Santuri
Mmemsaidia kijana kwenye nyaya, sasa tuje kwenye wimbo unaokatwa dakika ya pili. Wanangu, muziki wa dansi wa miaka ya 1970, wa kwetu na wa Kongo, haujengwi hivyo. Mwanzo ni taratibu, beti zinapita, waimbaji wanapokezana, na gitaa linashika usukani baadaye, kwenye sebene. Anayekata dakika ya pili amefika mlangoni akageuza, halafu anasema nyumba haina kitu.

Kuna kosa lingine ambalo vijana wengi hawalijui. Nyingi za nyimbo hizo zilitoka kwenye santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha, wimbo ukakatwa: sehemu ya 1 upande A, sehemu ya 2 upande B. Walioziingiza kwenye kompyuta mara nyingi waliweka upande mmoja tu. Ukisikia sauti inafifia wakati magitaa ndiyo kwanza yamekolea, una nusu ya wimbo. Tafuta jina hilohilo lenye "sehemu ya 2" au "Part 2", uziunganishe kabla ya Ijumaa.

Kwa rekodi za zamani zaidi ni kinyume. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na santuri za mizunguko 78 zilibeba kama dakika 3 kila upande. Ule ufupi ni wa santuri. Msidhani taarabu ilikuwa fupi ukumbini. Na ile mikwaruzo msiiondoe yote kwa programu, itaondoka na sauti ya udi.

Utaratibu: mleta wimbo apewe dakika moja, na saa ishikwe. Aseme msanii, mwaka, mahali, na dakika ipi masikio yasimame. Mfano: "dakika ya 4 na nusu, sikilizeni gitaa la pili linavyomjibu la kwanza." Halafu wimbo unachezwa wote, simu zikiwa kifudifudi. Maoni baadaye. Ukimpa mtu kitu cha kusubiri, hakati.

Mpwani wa Likoni
Hesabu yenu ya saa 3 haiwezi kubeba movie saba, tuseme kweli. Movie moja kwa Ijumaa, zamu ya mtu mmoja, wengine sita wimbo mmoja mmoja usiozidi dakika 8. Hizo 48, movie 90, inabaki kama 40 ya maneno na waya kugoma. Mwenye zamu aijaribu movie kwenye tivi hiyohiyo Alhamisi, dakika 5 za mwanzo, 5 za katikati, 5 za mwisho.

Anzeni na fupi. Supa Modo ya Likarion Wainaina (2018) ni dakika 74. Kwa waliosoma Vuta N'kuvute ya Adam Shafi wakiwa kidato cha tano na sita, ipo filamu yake ya Amil Shivji ya 2021, na ugomvi wa kitabu dhidi ya movie utawapeleka hadi saa 6.

Dada Herufi
Naongeza: ikifika dakika 20 na wengi wamechoka, pigeni kura, muizime.

Mzee wa Santuri
Hapana, dada. Kura ikiwepo, kila mtu ataleta ya mabomu na magari ili asizimwe. Mwenye zamu aheshimiwe hadi mwisho.

Fundi Waya
Kuhusu grupu: linki tupu haifunguliwi kwa sababu hakuna anayejua itamla MB ngapi. Wimbo wa dakika 4 kwa ubora wa 128 kbps ni kama MB 4, kwa 320 ni karibu MB 10. Ukiusikiliza YouTube unalipia na picha, shusha hadi 144p. Kila linki iandikwe mstari mmoja: jina, mwaka, dakika ya kusikiliza, MB. Rekodi yako mwenyewe ukiituma WhatsApp, itume kama hati. Video ikipita kwenye galari inabanwa hadi inakuwa ukungu.

Kitanda cha Juu
Nimenakili yote. La mwisho: chumba cha jirani, yule wa kugonga ukuta, wanataka waje. Tuwatoze 500 ya bando?

Mpwani wa Likoni
Ukitoza kiingilio hamko marafiki tena, mmefungua kibanda umiza. Hapo unahitaji ruhusa ya mwenye filamu na kibali cha maonyesho, na uongozi wa hosteli nao utakuja na lake. Waje na karanga.

Kipaza
Na waya wa AUX, kama wanao.