Frakingi: hatari iko kwenye nyufa za chini au kwenye maji yanayorudi juu?

Mpekuzi
Wakuu, naomba mnisaidie. Wanaoitetea frakingi (kupasua mwamba wa chini kwa maji ya shinikizo kubwa ili utoe gesi au mafuta) wanasema nyufa ziko kilomita mbili au tatu chini, mbali kabisa na maji ya kunywa, na kwamba gesi hiyo imeyasukuma makaa ya mawe pembeni. Wanaoipinga wanaonyesha bomba la jikoni ambalo maji yake yanawaka moto na nyumba zilizopasuka kwa tetemeko. Anayeijua kazi yenyewe anieleze: kinasukumwa nini, kwa nguvu gani, na kinachoharibika hasa ni kipi? Siasa tuiweke kando.

KisimaMlalo
Mkuu, pande zote mbili zinaweza kuwa sahihi, maana kila mmoja anaongelea sehemu yake ya kisima.

Gesi inayotafutwa imo ndani ya mwambatope, mwamba wenye vitundu vidogo mno hata gesi haiwezi kutembea yenyewe kufika kisimani. Kwa hiyo kisima huchimbwa wima, kisha hupindishwa polepole hadi kilale ndani ya tabaka hilo kwa kilomita mbili, tatu au zaidi. Bomba la chuma, yaani kesingi, hushushwa na kuzungushiwa saruji. Mpaka hapo hakuna kilichopasuliwa.

Kazi ya kupasua huanzia ncha ya mbali kurudi nyuma, kipande kwa kipande, kila kimoja takriban mita 60. Vilipuzi vidogo hushushwa kwa waya na kutoboa kesingi, matundu yenye upana wa kama sentimita moja. Kwanza hupita asidi ya haidrokloriki, mara nyingi ya asilimia 15, kusafisha saruji iliyoziba matundu. Yanafuata maji yasiyo na mchanga, yenye kilainishi (kemikali ya kupunguza msuguano bombani), ambayo ndiyo hufungua ufa. Kisha maji yenye mchanga: laini kwanza, wa chembe kubwa kidogo baadaye. Mchanga hubaki ndani kuuzuia ufa usijifunge shinikizo likitolewa. Mwisho husukumwa maji safi ya kusafisha bomba, kizibo kinawekwa, na kipande kinachofuata kinaanza. Kisima kimoja huwa na vipande 30, 40, hata zaidi. Juu ya ardhi pampu zinafanya kazi kwa shinikizo la megapaskali 50 hadi 70, zikisukuma mita za ujazo 13 hadi 16 kila dakika.

Kinachokwama mara nyingi ni mchanga. Ukiongezwa haraka kabla ufa haujapanuka vya kutosha, hujazana mlangoni na shinikizo hupanda ndani ya sekunde chache. Opereta asipokata mchanga na kuzima pampu kwa wakati, kinachofuata kupasuka ni kesingi. Chanzo kingine kisichotajwa sana: kilainishi cha poliakrilamaidi hupoteza nguvu kwenye maji yenye chumvi nyingi. Timu ikianza kutumia maji yaliyorudi kutoka kisima kingine bila kubadili aina ya kilainishi, msuguano bombani unapanda na mtiririko unashuka bila mtu kuelewa sababu.

Halafu watetezi hupenda kusema "kemikali ni asilimia moja tu". Ni kweli maji ni kama asilimia 90 na mchanga karibu wote uliobaki. Lakini kisima kikitumia lita milioni 40, hata nusu asilimia ni lita 200,000. Humo mna kiua bakteria, kizuia magadi (chumvi ngumu inayoganda bombani), kizuia kutu. Asilimia ndogo haina maana kwa mtu ambaye lori limemwagika karibu na kisima chake.

SarujiKwanza
KisimaMlalo kaeleza vizuri, ila saruji kaipita kwa sentensi moja, na humo ndimo ilimo habari ya bomba linalowaka.

Ufa kupanda kutoka kilomita mbili chini hadi kwenye maji ya kunywa ni jambo gumu. Kwa kawaida urefu wake wa kwenda juu ni makumi ya mita. Njia rahisi ya gesi ni mwanya uliobaki kati ya kesingi na mwamba. Mwanya huo hutokea bomba lisipokaa katikati ya shimo, kwa hiyo tope la kuchimbia linabaki upande mmoja na saruji haifiki. Au gesi inajipenyeza wakati saruji inaganda na kuacha mirija midogo. Au saruji ni nzima, lakini shinikizo la kupasua lilipanua kesingi na liliposhuka bomba likajivuta kutoka kwenye saruji, pakabaki uwazi mwembamba kama uzi. Na gesi yenyewe si lazima iwe ya mwambatope. Mara nyingi hutoka tabaka la juu zaidi ambalo kisima kimelipita tu.

Dalili ni shinikizo linalojirudia kati ya kesingi mbili, moja ikiwa ndani ya nyingine. Unalitoa, unafunga vali, saa chache baadaye limerudi. Hapo mtu akikuambia saruji iko sawa, mwombe rekodi ya kipimo cha sauti kinachoonyesha kama imeshika bomba.

Kuhusu moto wa bombani: methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, ipo kiasili kwenye visima vingi vya maji, kwa hiyo video peke yake haithibitishi kitu, wala haikanushi. Ukitaka kujua, pima maji KABLA ya kuchimba: methani, ithani, aina za kaboni ndani ya methani, kloridi, bariamu na strontiamu. Methani ya bakteria karibu haina ithani, ya kina kirefu inayo. Asiyekuwa na vipimo vya mwanzo atabishana na kampuni miaka kumi.

Shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2016. Liliona kwamba maji ya kunywa yanaweza kuathirika katika hali fulani, zikiwemo umwagikaji, visima visivyo imara, maji machafu kutupwa kwenye mashimo yasiyotandikwa kitu cha kuzuia maji kupenya, na kuchota maji mengi mahali yalipo haba. Angalia orodha hiyo: sehemu kubwa ni mambo ya juu ya ardhi.

Mpekuzi
Shukrani, wakuu. Na matetemeko je? Ni ya kupasua au ya hayo maji machafu?

Mtetemo
Yote mawili, ila kwa uzito tofauti.

Sehemu ya maji yaliyosukumwa hurudi juu, na kisima kinaendelea kutoa maji ya chumvi ya zamani sana pamoja na gesi au mafuta. Katika eneo la Marcellus, Marekani, chumvi inaweza kupita miligramu 200,000 kwa lita. Bahari ina kama 35,000. Humo pia mna radiamu, yenye mnururisho. Mtambo wa kawaida wa majitaka hauyawezi. Kwa hiyo sehemu nyingi huyasukuma kwenye visima vya kina vya kutupia, miaka nenda rudi.

Maji hayo yakifika kwenye mpasuko wa kale wa ardhi, yanapandisha shinikizo ndani yake, na uzito wa mwamba uliokuwa ukibana pande mbili unapungua nguvu. Pande zinateleza. Jimbo la Oklahoma, Marekani, lilizoea tetemeko moja au mawili kwa mwaka ya kipimo cha 3 na kuendelea. Mwaka 2015 yalipita 800. Septemba 2016 mji wake wa Pawnee ukapigwa na la 5.8. Sehemu kubwa ya maji hayo yalitoka kwenye visima vya kawaida vya mafuta, si ya frakingi, na hili wapinzani hulisahau. Kiwango cha maji yanayotupwa kilipopunguzwa, matetemeko nayo yakapungua.

Lakini watetezi nao wasiseme kupasua kwenyewe hakutikisi. British Columbia, Kanada, ilipata la 4.6 mwaka 2015. Uingereza, eneo la frakingi la Preston New Road lilipata la 2.9 Agosti 2019, na Novemba serikali ikasimamisha kazi. Kikomo chao cha kusitisha kusukuma kilikuwa 0.5, ambacho mtu hakihisi kabisa.

Mizania
Upande wa faida usipunjwe. Katikati ya miaka ya 2000 makaa ya mawe yalitoa karibu nusu ya umeme wa Marekani. Mwaka 2023 yalikuwa chini ya moja ya tano, na gesi ndiyo iliyochukua nafasi kubwa. Gesi ikichomwa hutoa karibu nusu ya kabonidayoksaidi ya makaa kwa umeme uleule, na masizi yanapungua sana.

Ila hesabu hiyo ni ya gesi iliyochomwa. Iliyovuja ni methani, na kwa miaka 20 inapasha joto zaidi ya mara 80 kuliko kabonidayoksaidi kwa uzito uleule. Uvujaji ukifika karibu asilimia 3 ya gesi yote, faida ya tabianchi dhidi ya makaa inaanza kuyeyuka kwa miaka ya mwanzo. Vali za nyumatiki (zinazoendeshwa kwa shinikizo la gesi), matangi na kompresa ndivyo vya kuangalia, pamoja na siku za kwanza kisima kinaporudisha maji: gesi ipitishwe kwenye kitenganishi na kuingizwa bombani, isiachwe hewani.

Pia kisima cha aina hii hushuka vibaya. Mwaka wa kwanza pekee uzalishaji unaweza kupungua kwa asilimia 60 au 70. Ili eneo liendelee kutoa kiasi kilekile lazima uchimbe tena na tena, na malori yasiishe barabarani. Binafsi naona hapo ndipo makadirio mengi ya faida hudanganya: yanachukua miezi sita ya mwanzo na kuinyoosha.

KisimaMlalo
Nakubaliana na Mizania. Naongeza moja tu ambalo hakuna aliyeligusa: vumbi la mchanga. Kisima kimoja hula maelfu ya tani, na mchanga huo ni silika, ambayo vumbi lake huumiza mapafu. Mwaka 2012 taasisi za usalama kazini za Marekani zilitoa tahadhari baada ya kupima hewa pale unapohamishwa kutoka lori kwenda mkanda wa kusafirishia. Baadhi ya vipimo vilizidi kikomo zaidi ya mara 10, na barakoa ya nusu uso imekadiriwa kukinga mara 10 tu. Kwa hiyo ukiona mtu amesimama juu ya tangi la mchanga na barakoa hiyo, hajakingwa. Dawa ni makasha yaliyofungwa yanayoshusha mchanga kwa uzito wake bila kupulizwa na hewa, na kuziba milango ya juu ya tangi isiyotumika.