Mrejesho: Lori la dizeli lililokuwa likiamka bila chaji

Wakubwa shikamooni, na wengine habari za kazi. Mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu lori langu la zamani la volti 24, ambalo kila asubuhi lilikuwa haliwaki mpaka nibusti kwa betri za jirani, ingawa alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) ilikuwa imeshafungwa kaboni mpya, yaani vipande vya ndani vinavyopitisha umeme.

Nashukuru sana kwa aliyenizuia kununua alteneta nyingine kabla ya kupima. Injini ikiwa inaunguruma, mita ilisoma volti 28.1 kwenye alteneta, lakini kwenye betri zilifika 25.6 tu. Fundi, pale Buguruni, aligusisha ncha moja ya mita kwenye bodi ya alteneta na nyingine kwenye hasi ya betri, tukaona volti 2.3 zikipotea njiani. Waya wa ethi (wa kurudishia umeme upande wa hasi) unaounganisha injini na chesi, yaani fremu ya lori, ambao kwa nje ulionekana mzima kabisa, ulikuwa wa kijani ndani ya ganda lake na nyuzi zake zikapukutika mkononi. Lori hulala Kigamboni, karibu na bahari. Tulifunga waya mpya mnene, tukakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa.

Kosa la pili lilikuwa langu: redio ya volti 12 niliiunga kwenye betri moja tu kati ya mbili, na betri hiyo ikasoma volti 11.9 wakati mwenzake ina 12.7. Tuliichaji betri hiyo peke yake, na redio sasa inapitia kipunguza volti.

Wiki ya tatu hii linawaka kwa ufunguo.