Je, uhaba wa ardhi na maji pamoja na ongezeko la watu huzaa vita?

Mwanagenzi:
Ndugu zangu, ninasoma masuala ya amani na usalama, na kuna jambo linanitatiza. Kila mapigano yanapozuka katika nchi maskini, husikika maelezo yaleyale: watu wamekuwa wengi, ardhi imechoka, mvua imepungua, basi wakageukiana. Rwanda ya 1994 na Darfur, magharibi mwa Sudan, ya 2003 hutajwa mara kwa mara. Hoja yenyewe ni ya zamani, kwani tangu mwaka 1798 Thomas Malthus alidai kwamba watu huongezeka kwa kasi kuliko chakula. Hata hivyo, zipo nchi zilizosongamana watu zinazokaa kwa amani, na zipo zenye ardhi tele ambazo zimepigana kwa miongo. Je, uhaba ni chanzo au ni kisingizio? Na kama ni chanzo, mtu hutokaje kwenye shamba lililopungua hadi kushika bunduki?

Kisima:
Ndugu Mwanagenzi, swali lako la mwisho lilishughulikiwa kwa kina na Thomas Homer-Dixon wa Chuo Kikuu cha Toronto katika miaka ya 1990. Yeye hakudai kwamba uhaba huleta vita moja kwa moja. Alitofautisha uhaba unaotokana na kuharibika kwa rasilimali, ule unaotokana na kuongezeka kwa wahitaji, na ule unaotokana na mgawanyo usio sawa, kisha akaeleza kwamba hatari hukua pale zinapokutana: wenye nguvu wakishaona ardhi au maji yanaelekea kuadimika, hutumia sheria na dola kujitwalia sehemu iliyo bora, na wanyonge husukumwa kwenye miteremko, nyika kame na mitaa duni ya mijini, ambako hulazimika kuharibu hata kile kidogo kilichosalia.

Mfano ninaouona kuwa na mafunzo zaidi ni bonde la Mto Senegal. Baada ya ukame mkali wa miaka ya 1970, Senegal, Mauritania na Mali zilishirikiana kujenga mabwawa ya Diama na Manantali, na matarajio ya kilimo cha umwagiliaji yakapandisha thamani ya ardhi ya kando ya mto hata kabla ya mabwawa kukamilika. Mwaka 1983 serikali ya Mauritania, iliyoshikwa na Wamoor (jamii yenye asili ya Kiarabu na Kiberberi), ilitunga sheria iliyofuta umiliki wa kimila, na hivyo kufungua njia ya kutwaliwa kwa mashamba yaliyolimwa kwa vizazi na Wamauritania Weusi. Aprili 1989 ugomvi wa malisho na mashamba ulisababisha vifo vya wakulima wa Senegal. Katika muda mfupi mamia ya watu wakauawa katika nchi zote mbili, mpaka ukafungwa, na makumi ya maelfu ya Wamauritania Weusi wakafukuzwa hadi ng'ambo ya mto. Zingatia kwamba ardhi ile haikuwa imekwisha, bali ndiyo kwanza ilikuwa inapata thamani. Kuhesabu vichwa na hekta kusingekuonyesha hilo.

Tafakuri:
Ndugu Kisima, simulizi yako ni sahihi, lakini mimi naiona ikithibitisha kwamba tatizo lilikuwa dhuluma ya dola. Tukichanganya mgawanyo mbaya na uharibifu wa mazingira katika fungu moja, nadharia haitaweza kukosea kamwe, kwa sababu hakuna mgogoro usio na mgawanyo mbaya ndani yake.

Chukueni Rwanda. Sensa ya 1991 ilihesabu watu takriban milioni 7, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 13 katika eneo lilelile. Kama msongamano ndio uliozaa mauaji ya kimbari, leo ungekuwa umeyazaa tena. Yale yalipangwa na watu waliokuwa madarakani, wakiwa na orodha, redio na wanamgambo, na inaniuma kuona jinai ile ikielezwa kana kwamba ni matokeo ya udongo kuchoka.

Huko Marsabit, kaskazini mwa Kenya, watafiti walikuta kwamba uvamizi wa kuiba mifugo huua watu wengi zaidi katika miaka ya mvua kuliko ya ukame. Mvua inaponyesha, vichaka huwa vya kujificha, na mifugo huwa na nguvu za kuswagwa mbali. Ukame unapobana, jamii hulazimika kupatana juu ya visima.

Nanga:
Naomba kusimama katikati. Ndugu Tafakuri ana haki kuhusu Rwanda, lakini ongezeko la watu haliwezi kuondolewa kabisa katika hesabu. El Salvador, nchi ndogo ya Amerika ya Kati inayopakana na Honduras, ilikuwa na watu wengi mno kwa ukubwa wake, huku ardhi nzuri ikiwa mikononi mwa familia chache zilizolima kahawa na pamba za kuuza nje. Wakulima wasio na ardhi walivuka kwa mamia ya maelfu kuingia Honduras, na Honduras ilipoanza kuwaondoa kwa kisingizio cha marekebisho ya ardhi, vita vikazuka Julai 1969. Ukiondoa wingi wa watu, wahamiaji wangekuwa wachache; ukiondoa umilikaji wa wachache, huenda wengi wasingehama.

Kuhusu Darfur, ukame mkubwa wa 1984 uliwasukuma wafugaji kusini kwenye mashamba ya wakulima, lakini utawala wa jadi uliosuluhisha migogoro ya aina hiyo ulikuwa umefutwa kisheria tangu 1971, na baadaye serikali iliwapa silaha wanamgambo wa Janjaweed. Ndugu Mwanagenzi, ukame huo uliikumba Sahel nzima, yaani ukanda mkavu ulio kusini mwa Sahara, ila si kila sehemu ya Sahel ilikuwa Darfur. Mimi ningeanzia utafiti wako hapo: tafuta maeneo mawili yaliyokosa mvua ileile, kisha uchunguze ni nani katika kila eneo alikuwa na mamlaka ya kuamua kesi ya malisho.